Kirusi cha Borna: Ujerumani inavyowasaka wagonjwa wasiofika kumi kwa mwaka

Mwanzo wake ni kama homa yoyote: kichwa kinauma, mwili unachoka, joto linapanda. Baada ya siku kadhaa mgonjwa anaanza kukosea maneno, anayumba akitembea, anasema yasiyoeleweka. Kisha anapoteza fahamu, na wiki chache baadaye, mara nyingi, anafariki. Maji ya uti wa mgongo yakipimwa yanaonyesha seli nyeupe zimeongezeka kidogo, ishara kwamba ubongo unashambuliwa na maambukizi, hali ambayo madaktari huiita ensefalitisi. Lakini vipimo vya hepesi vinarudi hasi, vya tetekuwanga hasi, vya ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kupe hasi. Kwa miongo mingi, katika hospitali za kusini mwa Ujerumani, faili la mgonjwa wa aina hii lilifungwa kwa maneno machache: ensefalitisi, chanzo hakijulikani.

Sasa inajulikana kwamba baadhi ya wagonjwa hao waliuawa na kirusi cha Borna, ambacho jina lake la kimaabara ni BoDV-1. Tangu tarehe 1 Machi 2020, maabara yoyote ya Ujerumani inayokikuta kirusi hiki kwa binadamu inatakiwa na sheria kuiarifu idara ya afya ya wilaya ndani ya saa 24, pamoja na jina la mgonjwa. Nchi ina watu takriban milioni 84. Wagonjwa wanaojulikana kwa mwaka ni kati ya 2 na 7, na zaidi ya 9 katika kila 10 hufariki.

Idadi hiyo inahitaji kufafanuliwa imepatikanaje, kwa sababu ugonjwa wa nadra namna hii haujitokezi wenyewe kwenye takwimu. Unaonekana pale tu daktari alipoushuku, akachukua sampuli inayofaa kwa wakati unaofaa, akaituma kwa watu wanaojua kuutafuta. Pingili moja ikikatika, mgonjwa anatoweka kwenye hesabu, na jirani zake hawajui kwamba hatari iko uani kwao.

Mnyama anayekitunza

Borna ni mji mdogo karibu na Leipzig, katika jimbo la Saxony. Mwishoni mwa karne ya 19 farasi wengi wa eneo hilo walikufa kwa ugonjwa wa ubongo, na jina la mji likabaki kwenye ugonjwa. Mwaka 1909 Joest na Degen walieleza vidoa vidogo walivyoviona kwa hadubini ndani ya kiini cha seli za neva za farasi waliokufa. Vidoa hivyo bado vinaitwa kwa majina yao, na mtaalamu wa maiti anayechunguza ubongo leo huvitafuta vilevile.

Farasi na kondoo huugua na kufa, lakini si wao wanaokitunza kirusi. Anayekitunza ni kirukanjia mmoja wa Ulaya, Crocidura leucodon, mwenye mgongo wa kijivu iliyokolea na tumbo jeupe. Msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu kirukanjia: pua ndefu, macho madogo, harufu kali, na paka akimuua mara nyingi hamli. Jamii hiyohiyo ya Crocidura ina spishi nyingi kwetu, ila kirusi cha Borna kinajulikana katika eneo dogo tu la Ulaya ya kati: Bavaria kwa wingi zaidi, majimbo ya mashariki mwa Ujerumani kama Thuringia, Saxony na Saxony-Anhalt, na sehemu za Austria, Uswisi na Liechtenstein. Kirukanjia mwenyewe ameenea mbali zaidi ya hapo.

Tofauti kati ya mnyama huyu na binadamu ndiyo inayoamua jinsi ugonjwa unavyofuatiliwa. Ndani ya kirukanjia kirusi husambaa mwili mzima bila kumuumiza, kikatoka kwa mkojo, kinyesi, mate, hata ngozi. Kwa binadamu na farasi kinaingia kwenye seli za neva na kukwama humo. Hakitoki tena kwa kiasi cha kumwambukiza mwingine, hivyo anayemuuguza mgonjwa nyumbani hapati ugonjwa. Njia pekee ya mtu kumwambukiza mtu iliyowahi kuthibitishwa ni kupandikizwa kiungo. Kwa hiyo hakuna mlipuko wa kuudhibiti wala mlolongo wa waliogusana na mgonjwa wa kuufuata. Kila mgonjwa ni tukio la peke yake, limetokea mahali fulani alipokutana na uchafu wa kirukanjia, pengine wiki au miezi kabla, bila hata kumwona mnyama.

Kirusi chenyewe hakiiui seli. Kinakaa ndani ya kiini chake na kuzaliana polepole. Kinachoharibu ubongo ni askari wa mwili, seli za kinga, ambazo zikishakitambua huzivamia neva zilizoambukizwa na kuziua. Jambo hili ni la kushika, kwa maana ndilo linalofanya vipimo kudanganya: kirusi kimejificha ndani ya seli, kwenye maji yanayouzunguka ubongo kipo kidogo, na kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana nacho, huchelewa kuonekana kwenye damu.

Jinsi kilivyokataliwa, kisha kikarudi

Historia ya kirusi hiki ina kosa kubwa, na bila kulijua huwezi kuelewa kwa nini sheria ya leo ni kali kuhusu ushahidi. Mwaka 1985 watafiti walichapisha kwamba wamekuta kingamwili dhidi ya kirusi cha Borna kwenye damu ya wagonjwa wa akili. Kwa miaka zaidi ya 20 zikafuata tafiti zilizokihusisha na sonona na skizofrenia. Matokeo hayakulingana kutoka maabara moja hadi nyingine. Vipimo vya kingamwili vilikuwa vinanasa vitu visivyohusika, na pale chembe za urithi za kirusi zilipopatikana, mara nyingi zilifanana mno na kirusi kilichofugwa kwenye maabara hizohizo, maana yake sampuli zilikuwa zimechafuliwa. Mwaka 2012 utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Columbia, ambao wapimaji hawakujua damu ipi ni ya mgonjwa na ipi ni ya mtu asiyeugua, haukuona uhusiano wowote.

Madhara ya kosa hilo yalikwenda mbali kuliko aibu ya kitaaluma. Madaktari waliacha kuamini kwamba Borna inaweza kumdhuru binadamu kwa namna yoyote. Kipimo kikatoka kwenye orodha, na wakati huohuo watu walikuwa wakifa kwayo.

Mlango ulifunguliwa na kindi, au kuchakuro kama wasemavyo Kenya. Kati ya 2011 na 2013 wafugaji watatu wa kindi wa aina inayotoka Amerika ya Kati walikufa kwa ensefalitisi huko Saxony-Anhalt. Wote walifahamiana kupitia ufugaji wao. Ndani ya kindi mmoja, kisha katika ubongo wa wagonjwa, ilikutwa jamaa ya kirusi cha Borna ambayo haikuwa ikijulikana, ikapewa jina VSBV-1. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Ilikuwa dhahiri kwamba virusi vya ukoo huu vinaua watu, na swali la BoDV-1 likarudi mezani.

Jibu lilitoka kwa viungo vya kupandikizwa. Mtoaji mmoja kutoka kusini mwa Ujerumani, ambaye hakufa kwa ugonjwa wa ubongo, alitoa figo mbili na ini. Miezi michache baadaye wapokeaji wote watatu walipata ensefalitisi. Wawili wa figo walifariki, na wa ini alinusurika akiwa na mishipa ya macho iliyoharibika. Mgonjwa mmoja mwenye sababu isiyojulikana ni jambo la kawaida wodini. Watatu waliopokea viungo vya mtu mmoja ni ushahidi usiofichika. Taasisi ya Friedrich Loeffler, ya taifa ya afya ya wanyama, iliyoko kwenye kisiwa cha Riems katika bahari ya Baltiki, ilisoma chembe zote za urithi zilizomo kwenye sampuli bila kuchagua mapema cha kutafuta, na BoDV-1 ikajitokeza. Taarifa ilitolewa mwaka 2018, pamoja na kisa kingine cha kijana ambaye hakuwa amepandikizwa chochote.

Baada ya hapo wataalamu wa mji wa Regensburg, Bavaria, na wenzao walirudi kwenye majokofu na makabati. Walichukua sampuli za wagonjwa 56 wa ensefalitisi wa miaka ya 1999 hadi 2019, wakazipima upya. Wagonjwa 8 wapya wa BoDV-1 walipatikana, wote wakiwa wamekwishafariki. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba ugonjwa ulikuwapo muda wote huo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Wodini na maabara: mahali mgonjwa anapopotea

Chukua chupa ndogo ya maji ya uti wa mgongo. Daktari anachoma sindano kiunoni, anapata mililita chache. Sehemu inaenda kuhesabiwa seli, sehemu kupimwa protini na sukari, sehemu kuoteshwa bakteria, sehemu kutafuta virusi vya kawaida. Kipimo cha PCR cha Borna, kinachotafuta chembe za urithi za kirusi, kwa kawaida kinahitaji takriban mikrolita 200 tu, sehemu ya tano ya mililita. Lakini wazo la Borna huja mwishoni, baada ya yote mengine kurudi hasi, na kufikia hapo chupa iko tupu au imekaa siku nyingi mahali pasipo na baridi. Chembe za urithi za kirusi hiki ni za RNA, ambazo huoza upesi kwenye joto la chumba. Ndiyo maana siku ya kwanza mililita moja inapaswa kutengwa na kugandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri kabla ya mtu yeyote kujua itatumika kwa nini. Ni hatua ndogo, na kwa maoni yetu ina faida kuliko kipimo chochote cha gharama kitakachoagizwa baadaye.

Hata sampuli ikitunzwa vizuri, PCR ya maji hayo inaweza kurudi hasi ilhali ubongo umejaa kirusi, kwa sababu ileile tuliyoitaja: kimo ndani ya seli. Kwa hiyo hasi moja haimalizi shauri. Sampuli ya damu inatumwa pamoja nayo kutafuta kingamwili, na kwa kuwa kingamwili huchelewa, damu nyingine inatumwa baada ya wiki moja hivi, na nyingine tena ikibidi. Picha ya MRI nayo inaweza kuonekana safi siku za mwanzo, mabadiliko yakatokea baadaye.

Maabara hupima kingamwili kwa hatua mbili. Kwanza seli zilizoambukizwa makusudi zinawekwa kwenye kioo, damu ya mgonjwa inadondoshwa juu yake, kisha rangi inayong'aa. Kingamwili za kweli huwasha vidoa ndani ya viini vya seli. Jicho lenye uzoefu linavitofautisha na mng'ao wa jumla usio na maana, lakini macho huchoka, kwa hiyo inafuata hatua ya pili: damu inajaribiwa kwa ukanda wenye protini za kirusi zilizotenganishwa, ili ionekane kama inashika zaidi ya moja. Kwa upande wa PCR pia, maabara makini husoma maeneo mawili tofauti ya jenomu, yaani mkusanyiko wote wa chembe za urithi za kirusi. Chanya inayotoka eneo moja tu haitoshi kumwambia mtu kwamba ndugu yake ana ugonjwa huu. Makovu ya miaka ile ya sonona bado yanaonekana katika taratibu hizi, na ni vizuri yaonekane.

Sheria inahesabu nini

Sheria inalazimisha kuripotiwa pale kirusi chenyewe kilipopatikana moja kwa moja: chembe zake za urithi kwa PCR, au protini zake kwenye kipande cha ubongo. Taarifa inatoka maabara kwenda idara ya afya ya wilaya, kutoka hapo kwenda mamlaka ya jimbo, na mwisho kwenye Taasisi ya Robert Koch iliyoko Berlin, inayojumlisha nchi nzima.

Sharti hilo linazuia chanya za uongo. Kwenye ugonjwa wa watu watano kwa mwaka, hata kipimo kinachokosea mara moja tu kwa kila watu elfu kingeijaza orodha wagonjwa wasiokuwapo kama kingetumika kiholela. Gharama yake iko upande wa pili. Mgonjwa ambaye kingamwili zake zimepanda waziwazi, lakini PCR yake ni hasi na ubongo haukukatwa kipande, hayumo katika lazima ya sheria. Watafiti wanaweza kumwandika kwenye orodha zao, ila mlango rasmi haumhusu. Na anayepona ndiye hasa mwenye nafasi kubwa ya kuwa katika kundi hilo, kwa vile aliyefariki anaweza kuchunguzwa ubongo na aliyepona hawezi. Kwa hiyo ile asilimia ya vifo isomwe kwa uangalifu: sehemu yake inatokana na jinsi tunavyopata ushahidi. Haina maana kwamba kuna umati wa watu walioambukizwa bila kujua. Damu za madaktari wa mifugo na za wakazi wa maeneo ya hatari zimepimwa, na kingamwili hizo zimeonekana kwa nadra mno.

Kutoka jina la mgonjwa hadi ua wa nyumba

Taarifa ikishafika, kazi inahamia nje ya hospitali. Maofisa huzungumza na familia: nyumba iko wapi, kuna kibanda cha kuni, banda la farasi, lundo la mboji, paka anayeleta wanyama ndani? Uchunguzi uliowalinganisha wagonjwa 20 na watu wasiougua haukukuta kazi fulani wala tabia fulani iliyowatofautisha. Kilichojitokeza ni mahali pa kuishi: nyumba za pembezoni mwa vijiji, zinazopakana na mashamba na vichaka. Katika kijiji kimoja cha Bavaria chenye watu wapatao 2,000, watoto wawili waliugua kwa kupishana miaka mitatu. Wakazi waliombwa wapimwe kwa hiari, na hakukuonekana wagonjwa wengine.

Jenomu ya kirusi husaidia kwa namna ambayo kwa virusi vingine haiwezekani. Kirukanjia haendi mbali, maisha yake yote huyamaliza katika eneo dogo, na kirusi hubaki naye. Kila eneo limejenga tawi lake la kirusi, na jenomu inageuka kuwa kama anwani. Kirusi cha mgonjwa kikifanana na cha farasi au kirukanjia wa kilomita chache kutoka kwake, inafahamika kwamba aliambukizwa nyumbani. Kikifanana na cha mbali, ataulizwa alisafiri wapi. Kikifanana na kile kinachofugwa maabara, mashine inazimwa na kazi inaanza upya, maana hiyo ni dalili ya uchafuzi. Kwa sababu hii, farasi au alpaka (mnyama wa kufugwa wa jamii ya ngamia) anayekufa kwa ugonjwa wa ubongo ni habari ya afya ya binadamu pia, na maabara za mifugo na za watu hulinganisha jenomu zao.

Ushauri kwa anayeishi maeneo hayo ni wa vitendo. Kirukanjia aliyekufa hagusiki kwa mkono mtupu. Vaa glavu, mlowanishe yeye na kinyesi chake kwa maji yenye sabuni ya kusafishia nyumba, kwa maana kirusi kina utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na umajimaji huzuia vumbi kupanda. Geuza mfuko wa plastiki juu ya mkono, mshike nao, ufunge, utupe kwenye taka za nyumbani, kisha nawa. Banda lenye vumbi lisifagiliwe likiwa kavu. Lilowanishwe kwanza, na anayefanya kazi avae barakoa ya FFP2, ile inayochuja chembe ndogo za vumbi. Chakula cha paka kisiachwe nje usiku, kwani kinawavuta virukanjia kama kinavyowavuta wadudu wanaoliwa nao.

Wagonjwa walio wazi na waliofunikwa

Tiba iliyothibitishwa bado haipo. Dawa za virusi favipiravir na ribavirin zimejaribiwa kwa mgonjwa mmojammoja, na vilevile dawa za kutuliza kinga ili kuzizuia zile seli zinazoua neva. Neva ikishakufa hairudi, kwa hiyo dawa yoyote, hata itakayopatikana kesho, itafaa tu ikianza mapema. Mgonjwa anayegunduliwa wiki ya nne anaingia kwenye takwimu bila faida kwake mwenyewe. Anayegunduliwa wiki ya kwanza ana nafasi, hata kama ni ndogo.

Wapo pia wasiogunduliwa kabisa wakiwa hai, na kwao kilichobaki ni uchunguzi wa maiti. Familia nyingi hukataa, na ni rahisi kuwaelewa: ndugu yao ametoboliwa na kuwekewa mipira wiki nzima, wanataka apumzike. Daktari anayewaomba anapaswa kueleza kwamba kipande kidogo cha ubongo kinatosha, na kwamba jibu linaweza kuwahusu walioishi naye nyumba moja na wale waliopokea viungo vyake, kama alitoa. Wakikubali, kipande kimoja kigandishwe bila dawa, kwa sababu fomalini huivunjavunja RNA, na kingine kiwekwe kwenye fomalini kisha nta, ambamo protini za kirusi hubaki zikionekana kwa miaka mingi. Vipande vya aina hiyo vya wagonjwa wa zamani vingali kwenye makabati ya idara za patholojia, vikiwa na lebo ileile ya chanzo kisichojulikana.